Milioni moja juu ya paa: hesabu ya sola ya nyumba moja Kisauni

Karatasi ya bei aliyoletewa mjomba ilikuwa na jumla ya shilingi 1,040,000. Paneli kumi za wati 550, inveta (kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani) ya kilowati 8, betri tatu za lithiamu za uniti tano kila moja (uniti ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja), vyuma, nyaya, ufundi. Chini kabisa muuzaji aliandika kwa kalamu kwamba pesa zitarudi kwa miaka mitatu na nusu na kwamba stima ataisahau.

Mjomba ni mstaafu wa bandarini. Pesa za kustaafu zimekaa, na nyumba yake ya ghorofa moja iko Kisauni, Mombasa, paa la zege, jua kutwa. Aliniletea karatasi ile kwa sababu kazi yangu ni vitabu vya hesabu, wala si kwa kuwa najua sola. "Wewe niambie tu, mpwa wangu, ni kweli ama naibiwa?" Jibu lilikuwa si hili wala lile. Muuzaji hakudanganya juu ya jua. Alikosea kitu kingine, na ndicho nitakachokieleza hapa, kwa kuwa karatasi za namna hii zimejaa mjini.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Paneli kumi ni kilowati 5.5. Jua la pwani alilihesabu saa tano nzima kwa siku, akapata uniti 27.5. Uniti moja ni shilingi 29, mara siku 365, inakuja kama 291,000 kwa mwaka. Gawanya milioni na elfu arubaini kwa hizo, umepata miaka mitatu na nusu. Kuzidisha hakuna kosa.

Kosa ni kwamba nyumba ile haitumii uniti 27 kwa siku. Tulikusanya jumbe za tokeni kwenye simu ya mjomba na ya mkewe: wastani ni uniti 390 kwa mwezi, yaani 13 kwa siku, na gharama kama shilingi 11,300. Mwaka mzima ni 135,720. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa anachoweza kuokoa, hata akifunika paa lote na kata nzima. Huwezi kuokoa pesa ambazo hukuwa unazitumia. Kwa milioni moja na elfu arubaini, basi, na tukikubali kwamba hatanunua tokeni hata moja tena, pesa zinarudi baada ya miaka saba na miezi minane. Karatasi ilikuwa imetia bei kwenye stima ambayo hakuna mtu nyumbani wa kuitumia.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza: zile uniti 13 zinakwenda wapi, na saa ngapi?

Hapo mjomba hakuwa na la kusema. Mwenye nyumba kwa mambo ya stima ni mkaza mjomba. Ana friza mbili barazani, moja ya barafu za ukwaju na maji ya kugandisha, nyingine ya samaki anaowauza kwa jirani. Hizo zinakula uniti 3.2 kwa siku. Friji ya jikoni 1.3. Pampu ya kisima inayopandisha maji tangini 1.2, maana maji ya mfereji mtaani kwao yakija ni bahati. Feni 1.2. Mashine ya kufulia na pasi 0.8. Taa, televisheni, simu na intaneti 1.3. Na kiyoyozi cha chumbani kwao, saa nne usiku mpaka alfajiri, peke yake uniti nne.

Tazama sasa jambo hili. Jua la Mombasa linafanya kazi tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Joto la Mombasa linamsumbua mtu usiku, kitandani. Kwa mtu wa Kisauni mwenye kiyoyozi, zaidi ya nusu ya stima yake huliwa wakati paneli zimelala. Bila betri, zile paneli kumi zingempa mchana stima ya kumwaga na usiku hali ileile ya zamani.

Tulianza na visivyogharimu kitu. Pampu ilikuwa ikiwashwa magharibi watu wakirudi. Ikahamishiwa saa tano asubuhi. Kufua na kupiga pasi, mchana. Friza zikawekewa saa ya kuzima na kuwasha, zigandishe kwa nguvu kuanzia saa nne mpaka saa kumi na zipumzike sehemu ya usiku, kwani friza iliyojaa barafu hushika baridi vizuri kama mlango haufunguliwi. Kwa mpango huo, matumizi ya mchana yalifika uniti tano. Ya usiku yakabaki nane.

Kisha tukakata karatasi ile vipande. Sikuuliza tena kama sola inalipa. Niliuliza kila laki inaleta uniti ngapi.

Mpango tuliopanga sisi ulikuwa wa paneli sita, yaani kilowati 3.3, inveta ya kilowati tano inayopokea paneli, betri na stima ya nje kwa pamoja, na betri moja ya uniti tano. Kwa bei tulizopewa mjini: paneli 96,000, inveta 105,000, betri 145,000, vyuma 58,000, nyaya na vilinzi 46,000, ufundi 65,000. Jumla 515,000. Ni nusu ya karatasi ya kwanza, kwa kukaribia sana.

Paneli sita zitatoa nini? Sikutumia saa tano za muuzaji. Paneli hupimwa kiwandani kwa nyuzijoto 25. Juu ya zege la Kisauni mwezi wa pili, paneli yenyewe hufika nyuzi 60, na kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu kwa kiasi cha asilimia 0.35 hivi, kwa hiyo zaidi ya sehemu ya kumi inapotea adhuhuri, jua likiwa kali kabisa. Ongeza vumbi, chumvi na upotevu wa inveta. Nikachukua uniti 4.2 kwa kila kilowati moja kwa siku, ambayo kwa pwani ni makadirio ya kadiri. Hiyo inaleta karibu uniti 14 kwa siku kwa wastani wa mwaka. Kaskazi huzidi; mwezi wa tano, masika ikipiga, hushuka hadi kumi au chini yake.

Mchana nyumba inachukua zake tano moja kwa moja. Betri inajazwa na kurudisha kama nne na nusu usiku. Toa siku za mawingu, inabaki uniti 8.8 kwa siku kwa wastani. Kwa shilingi 29, ni 93,000 kwa mwaka. Pesa zinarudi kwa miaka mitano na nusu.

Ile nusu ya pili sasa, 525,000 za ziada kwenye karatasi ya muuzaji, paneli nne zaidi, betri mbili zaidi na inveta kubwa. Inaongeza nini? Inaipandisha nyumba kutoka uniti 8.8 hadi 12.6 kwa siku. Tofauti ni 3.8, ambazo kwa mwaka ni shilingi 40,000. Laki tano na robo kurudi kwa elfu arubaini kwa mwaka ni miaka 13, na betri ya lithiamu kwenye joto letu nisingeihesabia zaidi ya kumi. Betri ingekufa bado ina deni. Nusu ya kwanza ya pesa ni biashara. Nusu ya pili ni anasa ya kumwambia jirani kwamba umekata mita.

Mjomba alilitazama jambo hili muda mrefu. Hoja yake ilikuwa ya haki: "Na stima ikipanda bei?" Ikipanda, kila shilingi inayoongezeka kwenye uniti inaifaa sola, hilo kweli. Lakini inazifaa nusu zote mbili, na ya kwanza ndiyo inayofaidi zaidi kwa sababu inazalisha zaidi. Tena vifaa navyo bei hazitulii. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipokaribia shilingi 160, mtu aliyeuliza bei ya betri alishika kichwa. Shilingi iliporudi kwenye 129, vifaa vilevile vikashuka. Betri ya pili inaweza kungoja. Inveta iliyochaguliwa inapokea nyongeza bila kubadilishwa.

Kuna jambo la madaraja ya bei ambalo wauzaji hawalitaji, na kwa nyumba hii ni pesa. Kenya Power, shirika linalotuuzia stima, humweka mteja wa nyumbani kwenye daraja kwa wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu: mpaka uniti 30, mpaka 100, na zaidi ya 100. Ukivuka 100, uniti zako zote zinatozwa bei ya juu, si zile za ziada peke yake. Baada ya sola nyumba ingebaki inanunua uniti 4.2 kwa siku, ambazo ni 126 kwa mwezi. Ishirini na sita zaidi ya mstari! Chini ya mstari ule kila uniti ingepungua shilingi kadhaa.

Ndipo tukamrudia kiyoyozi. Kilikuwa kimewekwa nyuzi 20. Mkaza mjomba analala na blanketi, jambo ambalo Mombasa lina kichekesho chake. Nikapendekeza 26 na feni ya dari. "Mimi nataka n'lale, sitaki hesabu," akasema. Wakajaribu 25. Uniti kama moja ikaondoka kila usiku bila kununuliwa kitu, na nyumba ikaingia kwenye 96 au 97 kwa mwezi, ukingoni hasa. Miezi ya masika itavuka, najua, na wastani wa miezi mitatu utaiburuta juu kwa muda. Kwa hiyo punguzo hilo sikulitia kwenye hesabu ya kurudisha pesa. Likija, ni la nyongeza.

Na ile stima ya ziada ya mchana, uniti nne hivi ambazo nyumba haizihitaji? Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango wa kuirudisha kwenye gridi, yaani nyaya za Kenya Power, na kanuni za mwaka 2024 zikaweka utaratibu: kwa kila uniti unayotoa, unahesabiwa nusu. Inahitaji maombi na mita inayosoma pande mbili. Nusu ya nne ni mbili kwa siku, kwa mwaka zaidi ya elfu ishirini. Si haba, lakini hiyo pia tuliiacha nje. Mpango usiosimama bila kibali usiuanze kabla ya kibali.

Mtu atauliza mbona tusiache betri kabisa, paneli peke yake, bei ikashuka chini ya laki nne. Tulilifikiria. Kikwazo ni kwamba inveta ya kawaida isiyo na betri hujizima yenyewe stima ya nje ikikatika, hata jua liwe utosini. Imetengenezwa hivyo makusudi, isije ikapeleka stima kwenye waya ambao fundi wa Kenya Power anaushika akidhani umekufa. Wengi hugundua hilo siku ya giza. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilipozimika kwa saa nyingi, mkaza mjomba alitupa samaki. Kukatika kwa kawaida kwa mtaani kunamtolea barafu pia, kidogo kidogo. Yeye mwenyewe anakisia hasara ya shilingi elfu kumi na kitu kwa mwaka. Betri moja inazibeba friza zote mbili, friji na taa usiku kucha, mradi kiyoyozi kizimwe. Kwa nyumba isiyo na biashara ya baridi, hoja hii ni nyepesi zaidi.

Pesa zenyewe zingeweza kwenda wapi kwingine? Hili ndilo swali ambalo watu huliruka. Mwezi wa pili 2024 serikali iliuza hati za miundombinu, yaani unaikopesha serikali pesa, za miaka 8.5 kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Laki tano na elfu kumi na tano zingeleta 95,000 kwa mwaka, zaidi kidogo ya sola, na mtaji wenyewe ungerudi mkononi, wakati paneli inazeeka. Kwa anayezinunua hati hizo, sola ingeshindwa wakati ule bila ubishi. Riba zimeshuka tangu hapo, na mizani imebadilika. Mjomba hata hakungoja nimalize: riba haichukui, tangu ujana wake. Kwake mshindani wa sola alikuwa chumba cha kupangisha juu ya zege. Chumba chenye choo chake ndani mtaani kwao ni shilingi 7,000 kwa mwezi, 84,000 kwa mwaka kama mpangaji halipi kwa machozi, na laki tano hazikimalizi kukijenga. Sola ikashinda hapo, na haihami usiku na kodi ya miezi miwili.

Binti yake, anayefanya kazi mjini, alitaka akope kwenye sacco baba asiguse akiba. Asilimia moja kwa mwezi kwa salio, miaka minne: marejesho yanakuja kama 13,560 kwa mwezi, huku sola inaokoa 7,760. Angetia mfukoni mwake karibu elfu sita kila mwezi kwa miaka minne, na jumla iliyolipwa ingefika 651,000. Pesa kurudi: miaka saba. Inawezekana, ila si "sola inayojilipa yenyewe" kama matangazo yanavyosema. Mzee akatoa taslimu.

Paa ndilo lililotutia shughuli kuliko pesa. Kama nyumba nyingi za huku, nguzo zake zimeachwa na vyuma vimechomoza juu, kwa ajili ya ghorofa ya kijana siku akioa. Ukizifunga paneli kwa zege, umemfungia kijana. Fundi, mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli), tulimtaka atuonyeshe na akatuonyesha bila kununa, alizipandisha kwenye fremu zilizokaliwa na matofali mazito ya saruji, zinazofunguka kwa spana. Nikafikiri pia juu ya wale wenye nyumba bila ardhi, Majengo na kwingineko, ambao kiwanja ni cha mwingine: kwao kila kitu kinachofunguka na kubebeka kina thamani kuliko ukuta.

Fremu ni za alumini na bolti zisizoshika kutu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na vyuma vya kawaida vilivyopakwa rangi. Kwa Nakuru huenda vikafaa. Kwa upepo wa bahari vingetoa uchafu mwekundu kwenye zege kabla ya masika ya pili. Paneli zimeelekea kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi kumi. Tuko nyuzi nne tu kusini ya ikweta, jua lapita utosini mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mwelekeo si jambo la kufa na kupona, na ule mwinamo ni wa kuteremsha maji ya mvua zaidi ya kitu kingine. Mvua isiponyesha, kuna kunguru. Mombasa ina kunguru wa kutosha kuchafua paneli za nchi nzima. Huoshwa alfajiri, paneli zikiwa baridi, na kwa maji matamu. Maji ya kisima cha pale ni ya chumvi na huacha madoa meupe. Betri ilitaka kuwekwa kwenye kibanda cha juu, tukakataa, ikaenda chini ya ngazi panapopita upepo.

Sola ilifungwa kaskazi imeanza. Mwezi wa kwanza na wa pili walinunua tokeni za shilingi elfu mbili na kitu. Mwezi wa tano, mvua juu ya mvua, zikafika 5,200, na mjomba akanipigia simu akiamini paneli zimeharibika. Hazikuharibika. Karatasi niliyompa ilikuwa na mwezi ule umeandikwa, ila nani husoma karatasi ya mpwa? Kwa mwaka mzima naiona nyumba ikienda pale pale tulipoikadiria, pengine mbele kidogo kwa sababu ya zile nyuzi 25 za kiyoyozi.

Betri ya pili mjomba ameiacha. Mwenye wazo bora ni mkewe. Aliona kwenye kioo cha inveta kwamba kuanzia saa sita hadi saa tisa betri imeshajaa na paneli zinapunguzwa nguvu kwa kukosa pa kupeleka. Anataka friza ya tatu, ya barafu, iwashwe saa nne na kuzimwa saa kumi, isiguse betri wala tokeni ila masika. Friza hiyo kwa duka la Kongowea ni shilingi 48,000, theluthi ya bei ya betri. Tulipiga hesabu ya barafu anazokosa kuuza siku za joto, tukaona ikifika Machi imejilipa. Kinachobishaniwa sasa ni mahali pa kuiweka, maana baraza imejaa, na mjomba hataki kuhamisha kiti chake.